Jua Limeukuta Mtama: Kusoma Dalili Shambani Dodoma na la Kufanya

Kila ifikapo Januari na Februari, kuanzia Bahi hadi Kongwa, malalamiko ni yaleyale: "Mtama wangu umeungua na jua." Ukienda kuona, unakuta kila shamba na lake. Kwa mmoja miche imedumaa, kwa mwingine suke limekwama tumboni, kwa wa tatu suke limetoka zuri lakini ukilipura hupati kitu. Wote wanalitaja jua, na si wote wanaougua jua.

Swali la kwanza ninalomuuliza mkulima ni hili: mtama ulikuwa na umri gani jua lilipoukuta? Wiki mbili za ukavu zikiukuta mtama wenye majani manne, kwa kawaida unainuka na mavuno hayapungui sana. Wiki mbili hizohizo zikiukuta ukiwa umebeba mimba, yaani suke liko tayari ndani ya ala lakini halijatoka, au ndiyo unachanua, punje zilizopotea hazirudi, hata mvua inyeshe mfululizo hadi Pasaka. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyopakana, yaliyopishana tarehe ya kupanda tu, yanaweza kutoa mavuno ya mbali kabisa.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Katikati yake mvua hukatika, mara nyingi Januari mwishoni au Februari. Ukatikaji huo hatuwezi kuuzuia. Tunachoweza ni kuufanya usiukute mtama kwenye hatua mbaya, na ukiukuta, tujue kipi bado kinaokoleka.

Pima haya kabla ya kulaumu

Anza na umri. Kwa mbegu ya muda mfupi kama Macia, hesabu hivi kwa kukadiria: hadi siku ya 30 ni utoto, siku ya 30 hadi 55 bua linarefuka na suke linatengenezwa ndani, siku ya 55 hadi 70 ni mimba na kuchanua, kisha mwezi na ushee wa kujaza punje. Mbegu nyingi za kienyeji zinachelewa kuliko hapo, kwa hiyo tegemea macho kuliko kalenda. Jani la mwisho kabisa, fupi kuliko yaliyo chini yake, likijitokeza juu, jua mimba iko karibu.

Kisha chimba. Chukua jembe, chimba katikati ya mashina mawili mpaka urefu wa kiganja kilichonyooshwa, halafu mpaka mara mbili ya hapo. Kila ukifika, chukua udongo ufinyange mkononi. Udongo wetu mwekundu wa kichanga ukiwa na unyevu hushikana kuwa donge na kuacha alama ya ubaridi kiganjani. Ukiwa mkavu, humwagika kama unga kati ya vidole. Juu kukiwa kukavu na chini kuna unyevu, mtama haujafika pabaya, mizizi itaufuata. Kukiwa na unyevu juu na chini, na mmea bado unanyauka, tafuta mchawi mwingine, si jua.

La mwisho ni kuamka mapema. Kila mtama hukunja majani saa nane mchana kwenye jua la Februari, ni namna yake ya kujihifadhi. Ukaguzi wa mchana unadanganya. Nenda saa kumi na mbili asubuhi. Majani yakiwa yamefunguka, mmea umelala na maji ya kutosha. Yakiwa bado yamejikunja kama kitunguu jani kabla jua halijachomoza, hapo mmea umeishiwa kweli.

Mbegu hazikuota, au zimeota kwa mapengo

Chanzo kinachoongoza ni mvua ya kudanganya. Inanyesha mara moja au mbili mapema, watu wanapanda, mbegu inavimba na kuanza kuchipua, halafu mbingu inafunga wiki mbili. Mbegu iliyokwisha kutoa kimzizi haina subira tena, inakauka. Fukua shimo uone: ukikuta mbegu imepasuka na kikia kimenyauka, ndiyo hiyo. Ukikuta mbegu ngumu, nzima, kama ulivyoitia, mvua haikuifikia na bado ina uhai, usikimbilie kupanda upya juu yake.

Sababu ya pili ni gamba la juu. Mvua kubwa ikipiga udongo usio na majani wala mabua juu yake kisha jua likafuata, uso wa shamba unakuwa kama sakafu. Miche inakuja hadi chini ya gamba, inajipinda, inakufa njano. Likwangue kwa mkono au kwa jembe dogo, polepole, kwenye mstari, siku uliyoliona. Kesho yake umechelewa. Baada ya hapo ndiyo angalia kina (mtama upandwe sentimita 3 hadi 5, ukizidi hapo unachelewa kutokeza), halafu ndege, panya na sisimizi, na mwisho ubora wa mbegu yenyewe. Mbegu ya ghalani pima kabla: hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya siku tano uone zimeota ngapi. Zikiwa chini ya 70, tafuta nyingine au ongeza punje kwa kila shimo.

Tiba inategemea tarehe. Mapengo yakiwa machache, subiri siku ya mvua upunguze miche palipobanana na kuihamishia kwenye mapengo. Mtama unavumilia kuhamishwa kuliko mahindi, mradi ufanye hivyo udongo ukiwa umelowa na jioni. Shamba likiwa limepotea zaidi ya nusu, panda upya, lakini kwanza hesabu siku kurudi nyuma kutoka katikati ya Aprili. Mbegu ya siku 100 iliyopandwa baada ya katikati ya Januari itajaza punje mvua zikiwa zinaaga. Februari imeshaingia? Eneo hilo lipe kunde au choroko zinazowahi, mtama utakutia hasara ya pili.

Na akiba ya mbegu ya kurudia isiliwe. Wazee wa Ugogo bado wanasimulia Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo majeshi ya vita yalichukua ng'ombe na nafaka na mvua nazo zikakatika. Ghala tupu ndilo lililofanya ukame uue watu.

Miche imedumaa, majani yamejikunja, rangi imefifia

Hapa mtama una wiki mbili hadi tano. Ni dalili inayowatisha watu zaidi na ambayo ina madhara kidogo kuliko zote zinazofuata. Kiini cha kukua cha mtama mdogo kiko chini ya usawa wa udongo mpaka majani ya tano hivi, kimehifadhika. Mmea unasimama, unasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Nimeona watu wakifyeka shamba la namna hii na kupanda upya mwishoni mwa Januari, na jirani aliyeacha la kwake akavuna. Usifyeke kabla hujapasua bua la mche mmoja kwa kisu hapo chini kwenye shina. Ndani kukiwa kweupe, kuna maji na kugumu, uko hai.

Palizi ndiyo dawa ya kwanza, maana magugu ya wiki tatu yanakunywa maji kuliko mtama wenyewe. Shamba lililopaliliwa ndani ya wiki mbili au tatu linastahimili ukavu ambao lililochelewa kupaliliwa halistahimili, na hilo halihitaji fedha. Punguza pia miche: mashina mawili kwa shimo yanatosha kwenye nafasi ya sentimita 75 au 80 kwa 30. Sita kwenye shimo moja ni ugomvi wa maji tu.

Ukipalilia na hali haibadiliki, chimba pembeni ya shina utazame mizizi. Ikiwa imeshuka kidogo kisha imegeuka kwenda pembeni, imegonga tabaka gumu lililotengenezwa na plau ya ng'ombe kwa kupita kina kilekile mwaka hadi mwaka. Msimu huu huna la kufanya. Kiangazi, pasua mistari kwa ripa ya kukokotwa na ng'ombe. Hao wanaoberega, wanaofyeka na kupanda bila kutifua, wana tatizo lao tofauti: maji ya mvua yanateleza juu na kuondoka. Kwao mashimo yanasaidia kuliko plau. Kijijini Chololo, hapa hapa Dodoma, mkulima mmoja alianzisha mashimo madogo yaliyokuja kuitwa kwa jina la kijiji: upana wa kama sentimita 22, kina kama 30, yakiachana sentimita 60 kwenye mstari na 90 kati ya mistari. Unatia samadi, mabaki ya mazao na udongo kidogo, unapanda humo. Mvua ndogo inayopotea kwenye shamba la kawaida, humo inakusanyika kwenye mzizi.

Kosa kubwa kwenye hatua hii ni kumwaga urea kwenye udongo mkavu kwa kudhani mtama una njaa. Ukavu unazuia mizizi kunyonya, kwa hiyo majani ya chini yanakuwa ya njano hata kama mbolea ipo. Urea iliyolala juu ya udongo wenye joto inapotea hewani. Subiri mvua inyeshe, fukia pembeni ya shina.

Unanyauka wakati udongo una unyevu

Hii ndiyo dalili ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, na watu wengi huigundua maua yakishatokeza, madhara yakiwa yamekwisha. Kiduha kinajishikiza kwenye mizizi ya mtama chini ya ardhi wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Mmea unakunja majani kana kwamba kuna ukame, unakuwa na mabaka, unadumaa. Ng'oa shina moja kwa uangalifu pamoja na udongo, uoshe mizizi kwenye ndoo: utaona vijiti vyeupe vimeng'ang'ania.

Ukiking'oa kabla hakijatoa maua unaokoa misimu ijayo zaidi ya huu. Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu kwa maelfu mengi, ndogo kama vumbi, na hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi. Zungusha shamba na karanga, kunde au ufuta, tia samadi, na pale palipoathirika sana tumia mbegu za Wahi au Hakika, ambazo zilizalishwa kwa ajili ya kukihimili.

Jani la katikati limekauka, mengine ni mabichi

Huu si ukame hata kidogo. Livute lile jani kavu. Likitoka kirahisi, na chini limeoza na kunuka, ni funza wa nzi wa miche au wa bua. Hushambulia zaidi mashamba yaliyochelewa kupandwa na kubaki madogo wakati wenzake wamekua, kwa hiyo kijiji kikipanda kwa pamoja hasara inagawanyika. Mmea uliokufa moyo hutoa machipukizi pembeni. Mvua ikiwepo, hayo yatabeba masuke. Ukiona vitundu vya duara kwenye bua na unga unaofanana na wa mbao, ni bungua, na mabua ya shamba hilo yasilale shambani mpaka msimu ujao. Walishe mifugo yakiwa yamekauka, au yafukie.

Suke limekwama, au limetoka nusu

Hapa ndipo mavuno yanapoamuliwa. Kuanzia bua linaporefuka hadi mimba, mmea unahesabu ni matawi mangapi na maua mangapi utayabeba. Ukikosa maji wakati huo, unapunguza hesabu. Unaliona hilo baadaye kwa njia nne: suke dogo, shingo fupi isiyolisukuma suke nje ya ala yake, uchanuaji uliochelewa kwa wiki au zaidi, na ncha ya suke iliyopauka kama karatasi.

Chanzo kikuu kwenye hatua hii ni ukavu kweli. Cha pili ni mtama uliobanana. Cha tatu ni mbegu, kwa sababu zipo ambazo kwa asili yake shingo ni fupi. Linganisha na shamba la mwenzako aliyepanda mbegu hiyohiyo. Cha mwisho ni bungua aliyekata mishipa ya bua chini ya suke, na hapo suke lote linakuwa jeupe kwa ghafla wakati ya pembeni ni mazima.

Kama una kisima au bwawa karibu na maji hayatoshi shamba zima, huu ndio wakati wa kuyatumia. Umwagiliaji mmoja mzuri siku chache kabla ya kuchanua una thamani kuliko mitatu ya mtama mdogo. Chagua kipande unachoweza kukilowesha mpaka chini, ukikifikia kwa mfereji kati ya mistari, na ukiache kingine. Kulowesha juu juu shamba zima ni kupoteza yote. Yaonje maji kwanza: visima vingi vya huku vina chumvi, na maji ya chumvi kwenye mtama ulioumia na kiu yanauongezea kiu. Ukiionja chumvi ulimini, yasiende shambani kabla hayajapimwa.

Asiye na maji afanye nini? Apalilie mara ya mwisho kwa kukwangua juu tu bila kugusa mizizi, alaze magugu yale kati ya mistari yafunike udongo, na afungie matuta. Tuta la kufungia ni lile lenye vizuizi vidogo vya udongo kila baada ya mita moja na nusu hadi tatu ndani ya mfereji, vizuizi viwe vifupi kuliko tuta lenyewe. Mvua inayofuata, hata iwe ya nusu saa, inabaki shambani. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka, usifungie: mvua kubwa ikija maji yatasimama na mizizi itaoza.

Kwa wenye mahindi, kipindi hikihiki ni kibaya maradufu. Mtama unaweza kusubiri kidogo, mahindi hayasubiri. Mbelewele zinatoka kwa wakati wake, nywele za kibunzi zinachelewa kwa kukosa maji, chavua inamwagika bila mpokeaji. Ukifungua gunzi unakuta meno yamepungua kama ya mzee. Hata ngano ya Hanang, yenye baridi na udongo mzuri kuliko wetu, inapoteza punje nyingi zaidi ukame ukiikuta kati ya mimba na kuchanua kuliko ukiikuta ikiwa majani tu.

Suke zuri, punje hakuna

Mama mmoja wa Chilonwa aliniletea suke mkononi: refu, limenyooka, jepesi kama kipepeo. "Mwanangu, limenidanganya," alisema. Tulikaa kwenye kivuli cha mbuyu tukalifungua ganda moja moja kwa kucha. Haya ndiyo ya kutafuta, na yanafuatana hivi kwa jinsi ninavyoyakuta.

Maganda ni matupu kabisa, makavu, meupe ndani, hakuna mdudu wala majimaji: ukavu na joto wakati wa kuchanua. Chavua imekufa au imekosa nguvu. Suke la mtama huanza kuchanua juu na kushuka, kwa siku nne hadi tisa. Kwa hiyo mahali palipo patupu panakwambia siku: juu patupu na chini pamejaa, jua lilikuwa kali uchanuaji ulipoanza kisha likalegea, juu pamejaa na chini patupu, maji yaliisha baadaye, au sehemu ya chini iliumia suke likiwa bado tumboni. Andika hilo kwenye daftari pamoja na tarehe ya kupanda. Mwakani utajua usogeze kupanda mbele au nyuma kwa siku ngapi.

Ukibinya ganda bichi likatoa majimaji mekundu au ya chungwa, huyo ni funza wa usubi wa mtama. Usubi wenyewe ni mdogo sana, wa rangi ya chungwa, huonekana asubuhi ukizunguka masuke yanayochanua, kisha unakufa. Dawa ya kupuliza baada ya kuona maganda matupu ni fedha iliyotupwa, funza wako ndani. Dawa yake ni kijiji kupanda kwa wakati mmoja na mbegu zinazochanua pamoja, ili usubi usipate shamba la kuhamia wiki baada ya wiki. Anayechelewa ndiye anayeubeba usubi wote.

Mahali pa punje kuna kifuko cha kijivu, ukikipasua kinamwaga unga mweusi: ni fugwe, ugonjwa unaosafiri na mbegu. Kata masuke hayo kabla hayajapasuka, yachome nje ya shamba, na usichukue mbegu humo.

Punje zilikuwepo na zimenyonywa au kupukutishwa, vikonyo vimebaki na ganda chini limetapakaa: ndege. Kundi la kwelea kwelea si la kufukuza kwa makopo na watoto peke yao. Ukiona wanalala kwenye miiba au matete karibu na kijiji, toa taarifa haraka kwa mtendaji na afisa ugani ili Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) waje kabla hawajasambaa. Usiwatege kwa sumu wewe mwenyewe. Itaua na kunguru, na mbwa, na hata watoto wanaookota ndege.

Suke la yule mama lilikuwa tupu juu, limejaa kidogo chini. Alikuwa amepanda wiki ya mwanzo ya Desemba, jua likamkuta akichanua. Binti yake aliyepanda kwa kuchelewa, palepale jirani, alivuna magunia.

Punje zipo lakini ndogo na nyepesi

Idadi imesimama, kilichopungua ni ujazo. Tangu kuchanua hadi punje laini inayobonyea kwa kucha, mtama hujaza kama nusu ya uzito wake. Ikifika punje ngumu, kama robo tatu. Jua likikaza Machi mwanzoni linakata hapo. Tazama majani: mtama unaobaki na majani mabichi chini huku juu punje zinajaa, una mbegu nzuri ya ukame, wekea alama uchague mbegu humo. Majani yaliyokufa yote kuanzia chini yanasema mmea umeanza kula akiba ya bua lake.

Kabla hujafunga hesabu, geuza jani uangalie chini yake. Vidukari vinapenda mtama wenye kiu. Ukikuta vimejaa, na jani linanata na kufanya weusi, sehemu ya hasara ni yao. Vikiwa kwenye majani ya chini tu na punje zimeshakuwa ngumu, usipulize chochote.

Vuna punje ikiwa na doa jeusi chini pale inaposhikana na ganda. Doa hilo likitokea, uzito umefika mwisho. Kuuacha ukisubiri "ukauke vizuri" ni kuwalisha ndege.

Mabua yanaanguka

Suke limejaa, na kwa upepo mdogo shamba linalala. Likate bua karibu na ardhi na ulipasue. Mara nyingi mmea ulihamisha chakula chote cha bua kwenye punje, likabaki tupu. Ukikuta nyuzi zimeachana, zimejaa vidoa vyeusi kama unga wa mkaa, ni ukungu wa kuoza shina, unaokaa ardhini na unaoshambulia mtama wenye kiu wakati wa joto baada ya kuchanua. Hauna dawa ya kupuliza. Vuna mapema ukakaushie nyumbani, juu ya turubai, si ardhini. Mwakani punguza mashina kwa eneo na usirudishe mtama hapohapo.

Wenye mahindi na karanga walioangukiwa na jua mwishoni mwa msimu wawe waangalifu zaidi. Ukame wa wakati wa kukomaa unaongeza sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kibunzi chenye ukungu, karanga iliyosinyaa au kuvunjika, usimpe mtoto, wala usimpe kuku. Mtu akiumwa tumbo, akatapika, macho yakawa ya njano baada ya kula nafaka mpya, ni hospitali siku hiyohiyo, na mbebe sampuli ya chakula.

Mvua imerudi, machipukizi yamejaa: simama hapa

Shamba lililokufa juu, mvua ya Machi ikirudi, hutoa machipukizi mengi mabichi chini. Mfugaji anaona malisho. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu. Mtama mdogo, mtama uliosinyaa na machipukizi baada ya ukame vina sumu ya sianidi kwa wingi, na ng'ombe mwenye njaa anaweza kufa ndani ya saa moja. Usiingize ng'ombe, mbuzi wala kondoo mpaka mtama uwe umepita urefu wa sentimita 60 na umekaa wiki mbili bila kunyauka. Ukitaka kuutumia kama lishe, ukate na uuanike hadi ukauke kabisa. Sianidi hupungua kwa kukauka, ingawa bua lililojaa naitreti, sumu nyingine inayojikusanya chini ya bua, haliponi kwa kuanikwa, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya bua iache shambani.

Dalili ni hizi: anahema kwa nguvu, anatokwa mate, anayumba, anaanguka na kutetemeka, na ukiangalia ufizi wake ni mwekundu mno kuliko kawaida. Ukiona hata mmoja, toa wote shambani kwanza, kwa utulivu bila kuwakimbiza, kisha piga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kujaribu chochote. Kuna sindano inayookoa, lakini ni ya kupimwa na mtaalamu na inafanya kazi ikiwahi. Maziwa, mafuta ya kula na dawa za kienyeji zinazonyweshwa kwa nguvu humpalia mnyama anayehema vibaya.

Ukimwita afisa ugani kwa lolote kati ya haya, usimngoje mikono mitupu. Ng'oa mashina matatu na mizizi yake, moja zima, moja lililoanza kuumwa na moja lililokufa, yafunge kwenye gazeti lenye unyevu. Mwambie jina la mbegu, tarehe uliyopanda, tarehe mvua ilipokatika na ulipopalilia. Kwa hayo anaweza kuwasiliana na watafiti wa TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, na kukurudishia jibu; bila hayo ataishia kukwambia kuwa ni jua.